Gunia Lisilokuwepo

Ukitaka kumjua Caren Chelimo, mletee mtoto mchanga, kisha umwambie una haraka. Atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Kichwa cha mtoto alikipima mara tatu, na kila mara utepe ulipita pale pale: juu ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma mahali fuvu linapochomoza zaidi. Urefu aliupima juu ya ubao, miguu ya mtoto ikinyooshwa polepole mpaka nyayo ziguse kibao cha chini. Wauguzi wenzake katika kituo kile cha afya, kilicho juu kidogo ya soko la Sosiot, walimtania kwamba anapima kama fundi wa kushona suti ya harusi. Alicheka nao, kisha akapima tena.

Sababu alikuwa nayo. Miezi minane nyuma, watafiti walikichagua kituo chao kiwe kimoja kati ya vitano vya kupima watoto wenye afya siku ile ile wanapozaliwa: uzito, urefu na mzingo wa kichwa. Vipimo hivyo vingetengenezewa jedwali la kumwonyesha kila mkunga wa milima hii mtoto wa kawaida ni wa kiasi gani, na yupi ni mdogo kupita kiasi na anahitaji kuangaliwa. Kwa miaka ishirini ya kazi yake Caren alikuwa ametumia jedwali lililopimwa kwingine, kwa watoto wa watu wengine. Sasa watoto wanaozaliwa katikati ya majani chai wangehesabiwa na wao. Jambo hilo lilimpa fahari na wala hakuificha. Kwenye kitabu kikubwa chenye jalada la kijani alikuwa ameshaandika watoto mia mbili sitini na wanane.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imeanza tangu alfajiri, simu yake ikalia. Alikuwa Vivian, msichana mpole wa kuingiza takwimu kwenye ofisi ya watafiti mjini.

"Sista, kuna kitu inanisumbua," Vivian alisema. "Watoto wako ni warefu sawa na wa vituo vingine. Vichwa pia, sawa kabisa. Lakini uzito iko chini. Karibu gramu mia tatu."

"Chini kwa nini?"

"Sijui. Niliuliza Daktari Mageto. Anasema ni akina mama wa majani. Eti kazi ni ngumu na hawakuli vizuri, kwa hivyo hiyo ndiyo kawaida yao. Ameshaanza kuandika ripoti."

Caren alikata simu damu ikimchemka. Kawaida yao! Mama yake mwenyewe alichuma majani hadi wiki ya mwisho ya kila mimba, na alizaa watoto saba wenye mashavu ya kufinywa na kila mgeni. Huyo Daktari Mageto, kiongozi wa utafiti, alikuwa amefika kituoni mara mbili tu, na mara zote mbili alikataa hata kikombe cha chai. Lakini hasira si jibu. Nambari zilikuwa kwenye kitabu chake, kwa mwandiko wake. Jioni ile alizipitia ukurasa baada ya ukurasa na hakuona kosa lolote, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya daktari.

Kesho yake saa nne asubuhi, Quinter Adongo alijifungua mtoto wa kike. Quinter alikuwa mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja milimani akiwa msichana na kuchuma majani katika shamba kubwa kwa miaka kumi na mmoja. Alizaa bila maneno mengi, akiuma kitambaa chake cha kichwa. Caren akampima mtoto. Kichwa kilikuwa sentimita thelathini na nne, na urefu arobaini na tisa. Hapo hapo mtoto akapelekwa chumba cha pili kwenye mizani, kwa Kipkirui.

Kipkirui alikuwa msaidizi wa kumbukumbu, mtu mzima mwenye koti lililopigwa pasi kila siku. Kabla ya kuja kituoni, alikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha kununulia kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mkulima aliyewahi kumshika na uongo. Ndiyo maana Caren alimpa kazi ya mizani bila wasiwasi. Kipkirui alisoma uzito, akauandika kwenye kikaratasi, na Caren akaunakili kitabuni. Ndivyo walivyofanya siku zote.

Kikaratasi cha mtoto wa Quinter kilisema gramu 2,450.

Sheria ilikuwa kwamba aliye chini ya 2,500 haingii kwenye hesabu ya wenye afya. Tena anapelekwa mara moja hospitali kubwa ya mjini, akalazwe chumba cha watoto wachanga, huku mama akilala wodi nyingine na kumwona saa za kunyonyesha tu. Tangu utafiti uanze, Caren alikuwa amewatuma hivyo watoto kumi na wanne. Akapiga simu ya ambulensi, akarudi kitandani kwa Quinter, aliyekuwa amesharudishiwa mwanawe.

"Mama, mtoto ni mdogo kidogo. Gari inakuja kuwapeleka mjini."

"Mdogo nani?" Quinter aliuliza.

"Mtoto. Hajafika kilo mbili na nusu."

Quinter alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya kwa nguvu kama anayedai haki yake. Akamweka kwenye kiganja, akampandisha na kumshusha.

"Aa, Sista. Hapana. Huyu anakaribia kilo tatu."

"Mizani ndiyo imesema, mama."

"Basi mizani imekosea. Mimi nabeba majani na hii mgongo miaka kumi na moja. Kikapu ikiongezeka kilo moja najua kabla sijafika kwa karani. Siendi mahali. Mtoto wangu hataenda kulala kwa chumba ya watu wagonjwa na yeye si mgonjwa."

"Lakini sheria..."

"Sheria iliandikwa. Mtoto nimezaa. Pimeni tena, na mpime nikiona."

Kabla Caren hajajibu, mwanamke yule alikuwa ameshashusha miguu sakafuni. Alijishika ukingo wa kitanda, akajifunga leso vizuri, akambeba mwanawe na kuanza kutembea kwenda chumba cha pili, hatua moja moja, huku amekunja uso kwa maumivu. Muuguzi mwingine angemzuia. Caren naye angemzuia siku nyingine. Lakini zile gramu mia tatu za Vivian zilikuwa zimemnyima usingizi, kwa hiyo alimshika Quinter mkono wakaenda pamoja.

Mizani ilikuwa mezani, blanketi dogo la manjano limetandikwa juu yake ili mtoto asiguse plastiki baridi. Kipkirui alimpokea mtoto kwa heshima, akamfungua nguo na kumlaza juu ya blanketi. Nambari zikachezacheza, zikatulia. Zilisema 2,800. Kipkirui akachukua penseli, akaandika 2,450, tena bila hata kupepesa macho.

Quinter aliangalia nambari kwenye mizani, akaangalia karatasi, kisha akacheka kicheko kilichomlazimu kushika tumbo.

"Si nilisema! Amekata gunia!"

Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kuchuma majani asiyejua maana ya maneno hayo. Majani hupimwa yakiwa ndani ya gunia, na karani hukata uzito wa gunia. Mvua ikinyesha hukata zaidi kidogo, kwa ajili ya maji. Karani mwaminifu hasahau kufanya hivyo, na mchumaji mwenye akili humkagua amekata ngapi.

"Lazima nikate," Kipkirui alisema, akiwa ameudhika kidogo. "Blanketi iko kwa mizani. Nilipima blanketi siku ya kwanza, ni gramu mia tatu. Leo mvua inanyesha, blanketi haikauki vizuri, nikaongeza hamsini. Karani akiacha kukata, huyo ni mwizi."

Caren aliigeukia mizani. Kila asubuhi, kabla ya yeyote kufika, yeye mwenyewe alitandika blanketi lile na kubonyeza kitufe mpaka mizani isome sufuri. Blanketi lilikuwa limeshakatwa kabla mtoto hajalazwa juu yake. Alikuwa amemfundisha Kipkirui jinsi ya kuwasha mizani, jinsi ya kumlaza mtoto na jinsi ya kusubiri nambari zitulie. Kuhusu kitufe hakumwambia neno. Aliona mtu aliyepima majani miaka kumi na tisa hafundishwi kupima.

Akamwonyesha kitufe sasa, polepole. Akamwondoa mtoto, akaonyesha mizani ikisoma sufuri ilhali blanketi bado lipo juu yake. Kipkirui alitazama ile sufuri kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika rangi.

"Tangu lini, Sista?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mungu wangu."

"Ulikuwa unakata mia tatu kila siku?"

"Ya jua, mia tatu. Ya mvua, mia tatu hamsini. Mwezi wa nne ile mvua kubwa, hata mia nne."

"Umeandika mahali ulikata ngapi?"

"Karani anakata kwa kichwa, Sista."

Caren aliketi kwenye kiti cha Kipkirui bila kuombwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Watoto kumi na wanne waliotengwa na mama zao! Huenda wawili au watatu kati yao walikuwa wadogo kweli. Wengine walipelekwa mjini na gunia ambalo halikuwepo. Yeye aliyepima kichwa mara tatu hakuwahi hata mara moja kusimama kando ya mizani. Akampima mtoto wa Quinter upya, mara tatu: 2,800, 2,800, 2,800. Oketch, dereva wa ambulensi, alipopiga honi nje, alimwambia arudi alikotoka, na Oketch alinung'unika mpaka getini.

"Andika na wino," Quinter alisema, akirudi kitandani na mwanawe. "Hiyo ya penseli mnafuta."

Caren alimpigia Daktari Mageto simu saa hiyo hiyo, akamweleza yote bila kumung'unya maneno.

"Basi ni rahisi," daktari alisema. "Ongeza mia tatu kwa kila mtoto, tumalize."

"Haikuwa mia tatu siku zote, daktari. Ilifuata mvua. Hakuna anayejua ni siku gani alikata ngapi."

Sauti ya Mageto ikawa ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Basi acha ilivyo. Ripoti imeandikwa tayari. Kwamba watoto wa nchi ya majani ni wadogo kidogo, hilo linajulikana hata bila mizani."

"Linajulikana na nani?"

"Sista, usituletee siasa. Alhamisi nakuja kuchukua kitabu."

Caren alibaki ameshika simu. Alijua vizuri kitakachotokea kitabu kikienda vile. Jedwali lingesema kwamba katika milima hii mtoto wa kilo mbili na nusu ni wa kawaida kabisa. Kisha siku moja angezaliwa mtoto mdogo kweli, asiye na nguvu za kunyonya na anayepoa upesi, na mkunga fulani angelitazama jedwali, angemfunga blanketi na kumpa mama hongera ya kwenda nyumbani. Mtoto huyo angeweza kufa akiwa na karatasi inayosema ni wa kawaida, na karatasi hiyo ingekuwa imetokana na mwandiko wa Caren Chelimo. Alisema kwa sauti, peke yake ofisini, "Haitawezekana."

Jumatano alileta kalamu nyekundu. Kipkirui alishika rula, na Caren akapiga mstari juu ya uzito wa kila mtoto, akiacha urefu na vichwa kama vilivyo. Kando ya kila mstari aliweka sahihi yake. Walifanya hivyo mara mia mbili sitini na nane, wakisimama tu mama alipokuja kujifungua. Kufikia ukurasa wa kumi Kipkirui hakuweza kunyamaza tena.

"Sista, niandikie barua ya kunifukuza."

"Kwa kosa gani?"

"Si umeona kosa."

"Wewe ulikata mara moja, na mimi nilikata mara moja. Ukifukuzwa tutafukuzwa wawili, na nani atabaki kupima? Shika rula vizuri, inateleza."

Jioni alitoa orodha ya wale kumi na wanne, akawapigia mama zao mmoja mmoja kwa simu yake mwenyewe. Hakuwaambia habari za mitambo wala hitilafu. Aliwaambia, "Tulipima vibaya. Kosa lilikuwa letu, halikuwa la mwili wako wala la chakula chako." Wengine walimshukuru, jambo lililomchoma zaidi. Chepchumba wa Soin, aliyelala siku tisa mbali na mwanawe, hakumshukuru.

"Nilikuwa nalia kila usiku nikijiuliza nilimkosea nini huyu mtoto," alisema, kisha akakata simu. Caren alijua amestahili.

Alhamisi Daktari Mageto alifika na gari jeupe na viatu visivyojua matope. Alifungua kitabu cha kijani akiwa amesimama. Akafunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tano, akaanza kufunua kwa haraka.

"Umechora nini hapa?"

"Mstari."

"Kwa uzito wote?"

"Wote. Urefu na vichwa viko sawa, vichukue. Hivyo nilipima mwenyewe."

"Unajua umefanya nini? Umeharibu kazi ya miezi minane!"

"Iliharibika siku ya kwanza, daktari. Mimi nimechelewa tu kuona. Nimeeleza yote ukurasa wa mwisho, na jina langu liko hapo."

Mageto alifunga mlango, akavuta kiti, akalegeza sauti. "Sikiliza, Sista Caren. Hii ni nambari tu. Ningetumia zile za kwenye kompyuta, hakuna mtu angejua."

"Quinter anajua."

"Quinter ni nani?"

"Mchuma majani. Alikuwa amezaa dakika arobaini tu, akasimama kwa miguu yake akatuonyesha kosa ambalo wewe na digrii zako, na mimi na utepe wangu, tulishindwa kuona. Na Vivian anajua, nilimtumia picha za kila ukurasa jana. Halafu unaandika kwamba watu kama Quinter hawakuli vizuri! Uliwahi kumuuliza hata mmoja alikula nini?"

Daktari alisimama, akaenda chumba cha pili, akaichomoa mizani ukutani na kuanza kuzungusha waya wake. Mizani ilikuwa mali ya utafiti.

"Basi kituo hiki kimetoka," alisema. "Jedwali litatengenezwa na watoto wa vituo vya mjini na vya Londiani. Wa kwako hawatakuwemo hata mmoja. Wewe si ndiye ulitaka wahesabiwe? Umewafuta kwa mkono wako mwenyewe."

Maneno hayo yalimpata Caren mahali palipokuwa pabichi, kwa sababu yalikuwa kweli. Watoto mia mbili sitini na wanane walikuwa wamezaliwa mara moja tu, na siku yao ya kwanza duniani haikuweza kurudi ili ipimwe vizuri. Macho yalimjaa machozi. Hakuyafuta, na hakuinamisha uso.

"Ripoti inafungwa lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwezi wa nane."

"Na kituo kinahitaji watoto wangapi ili kihesabiwe?"

Mageto alicheka kwa pua. "Mia moja. Hapa mnazalisha wangapi kwa mwezi?"

"Thelathini na tano, tukijaliwa."

"Toa wagonjwa, toa waliozaliwa kabla ya siku zao. Hutafika."

"Acha mizani."

"Nimesema hutafika."

"Nimesikia. Acha mizani."

Walikuwa wamesimama hivyo, daktari amekumbatia mizani kifuani na Caren ameziba mlango kwa mwili wake, wakati kilio kilipopanda kutoka chumba cha uzazi. Kilikuwa kilio kikali, cha mtu aliyeamshwa bila kuulizwa. Dakika chache baadaye muuguzi Phelis alitokea kwenye korido na furushi mikononi, akasimama nyuma ya Caren akingoja.

"Daktari," Caren alisema, "huyu amezaliwa sasa hivi. Uzito wa kuzaliwa anao leo peke yake. Ukiondoka na hiyo mizani, kesho atakuwa na uzito mwingine."

Mageto alimtazama Caren, akamtazama Kipkirui aliyekuwa ameshakunjua blanketi, akalitazama furushi likipiga mateke. Akaiweka mizani mezani. Hakuiweka kwa upole, lakini aliiweka.

Caren alichomeka waya. Kipkirui alitandika blanketi, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe, akasema "sufuri" kwa sauti ya kusikika hadi nje. Mtoto akalazwa uchi, akikunja ngumi, akiutukana ulimwengu mzima. Nambari zikatulia.

"Elfu tatu na mia moja," Kipkirui alisoma, mikono yake ikiwa nyuma.

"Elfu tatu na mia moja," Caren alisoma baada yake, akiwa ameinama juu ya mizani.

Wakampima tena, na tena. Ndipo Caren alipofungua kitabu kipya, ambacho mstari wake wa kwanza ulikuwa wa binti ya Quinter, akaandika kwa wino kwenye mstari wa nne. Daktari Mageto alikuwa ameshafika mlangoni na kile kitabu cha kijani kwapani, mlango umeachwa wazi na upepo wa mvua ukipita miguuni pake.

"Imebaki tisini na sita," Caren alisema bila kugeuka. "Na ukitoka ufunge mlango, daktari. Baridi inaingia kwa watoto."